Diwani wa Moshi anayetaka ubunge 2030: njia halisi ikoje?

Majengo_Moshi

Wakuu, naomba tuliweke hili sawa, maana vijiweni kila mtu anasema lake. Kuna diwani wa kata moja ndani ya Manispaa ya Moshi anayejipanga kutia nia ya ubunge 2030. Chama chake sikitaji kwa makusudi, sitaki uzi ugeuke wa kutupiana vijembe.

Ninachotaka kujua: udiwani unamsaidia au unamchelewesha? Jina hukatwa wapi hasa? Karatasi gani humwangusha mtu kabla hata kampeni hazijaanza? Na akishapata kiti, ni mambo gani yanaweza kumtoa kabla ya miaka 5 kwisha? Wenye uzoefu wa vikao na wenye kujua sheria, karibuni. Wa "ajiamini tu, Mungu yupo" naomba wapite kimyakimya.

---

Mzee wa Vikao

Mkuu, nianze na pale watu wengi wanapokosea hesabu. Wanadhani uchaguzi ni siku ya kupiga kura. Kwa Tanzania mbunge hupatikana kwanza ndani ya chama, kwa sababu mgombea binafsi hayupo. Katiba, ibara ya 67, inadai mgombea awe mwanachama wa chama na awe amependekezwa na chama hicho. Marehemu Mtikila alilipigania hili mahakamani miaka mingi. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema suala hilo ni la Bunge, Mahakama ya Afrika hapo hapo Arusha ikampa ushindi 2013, na mpaka leo utaratibu ni uleule. Kwa hiyo diwani wako ana chaguzi mbili, na ule wa kwanza ndio mgumu.

Nichukue CCM kama mfano kwa kuwa utaratibu wake unajulikana hadharani. Mwaka 2015 walipiga kura wanachama kwenye matawi. Mwaka 2020 kura ikarudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, na hapo ndipo msemo wa "wajumbe si watu" ulipopata umaarufu. Mwaka huo wajumbe walipiga kura kwanza, vikao vya juu vikachuja baadaye, na wapo walioongoza kura za maoni wasiteuliwe. Mwaka 2025 mambo yakageuzwa: Kamati Kuu ilichuja kwanza na kurudisha majina machache kila jimbo, wajumbe nao wakaongezwa sana hadi ngazi za chini, kisha ndipo wakapiga kura mwezi Agosti, na Halmashauri Kuu ikateua mwisho.

Unaona tofauti yake? Mwaka 2020 mtu alihitaji kupendwa na wajumbe wachache kisha asikataliwe juu. Mwaka 2025 alihitaji kwanza asikataliwe juu, kisha apendwe na wajumbe wengi. Arusha Mjini ni mfano wa wazi: Mrisho Gambo alitoka ukuu wa mkoa 2020 akaingia bungeni, na 2025 akiwa mbunge aliye kitini jina lake halikurudi hata kwa wajumbe. Kuwa mbunge tayari si kinga.

Gharama ya fomu nayo si ya kupuuza. Fomu ya ubunge ndani ya CCM ilikuwa 100,000 mwaka 2020, ikapanda hadi 500,000 mwaka 2025. Ya udiwani ilikuwa 50,000 mwaka 2025. Hela hiyo hairudi. Vyama vingine vina viwango vyao, aulize ofisi ya wilaya ya chama chake, asiulize kijiweni.

Hivyo asijenge mkakati wa 2030 juu ya kanuni za 2025. Kanuni za uteuzi hubadilishwa, na hubadilishwa mwaka wenyewe wa uchaguzi au karibu yake.

---

Sheria_Tupu

Mzee kamaliza upande wa chama. Mimi niende kwenye karatasi, maana huku ndiko watu hufa kifo cha kijinga.

Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Na. 1 ya mwaka 2024. Sifa za mbunge zimo kwenye Katiba: raia wa Tanzania, umri usiopungua miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na chama. Shahada haitajwi popote. Kuishi jimboni pia haitajwi, na ndiyo maana mtu wa Dar anaweza kuja kugombea Vunjo. Udiwani uko tofauti: huyo lazima awe mkazi wa eneo la halmashauri na awe na njia halali ya kujipatia kipato. Diwani wako kwa kuwa anakaa Moshi halimsumbui, ila lijulikane.

Baada ya chama kumteua anachukua fomu ya uteuzi ya Tume, kwa ubunge ni Fomu Na. 8B, kwa udiwani 8C, wasichanganye. Pamoja nayo kuna Fomu Na. 10 ya kuheshimu maadili ya uchaguzi, tamko la kisheria mbele ya hakimu, picha, na dhamana ya shilingi 50,000. Wadhamini ni wapiga kura wasiopungua 25 walioandikishwa ndani ya jimbo hilo. Kwa diwani ni 10 wa kata yake.

Sasa mambo yanayoharibu, ambayo nayaona yakirudiwa kila uchaguzi:

Mdhamini kaandikishwa Kiboriloni, ambayo ni jimbo la Moshi Mjini, lakini anamdhamini mgombea wa Vunjo kwa sababu shamba lake liko kule. Huyo hahesabiki. Eneo hili ni la kuchanganya kwa sababu Halmashauri ya Wilaya ya Moshi ina majimbo mawili, Moshi Vijijini na Vunjo, na mpaka wa manispaa umepita katikati ya watu wanaouza na kununua soko moja. Arusha vivyo hivyo: Halmashauri ya Arusha ni jimbo la Arumeru Magharibi, Meru ni Arumeru Mashariki, Jiji ni Arusha Mjini. Mtu anasema "mimi wa Arusha" na kumbe kadi yake ya mpiga kura ni ya Arumeru.

Namba ya kadi ya mpiga kura imenakiliwa vibaya tarakimu moja. Jina kwenye fomu ni Emanuel na kwenye daftari ni Emmanuel. Mdhamini mmoja kawasainia wagombea wawili kwa sababu wote ni ndugu. Sahihi ya katibu wa chama haipo, au kasaini mtu asiye na mamlaka hayo. Hakimu kagonga muhuri bila tarehe. Kila moja ya hizi ni pingamizi linalosubiri kuandikwa.

Dawa yake ni kazi ya mezani tu. Tafuta wadhamini zaidi ya 25, mmoja mmoja umkague kwa kadi yake mkononi, si kwa kumpigia simu. Fomu ijazwe na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka, ikaguliwe na mwingine ambaye hakuijaza. Nenda kwa hakimu siku kadhaa kabla, kwa sababu siku ya mwisho mahakama ya mwanzo na ya wilaya huwa na foleni ya wagombea. Chukua nakala ya kila ukurasa, na omba mapokezi yaandikwe saa.

Saa ya mwisho ya kurudisha ni saa 10 jioni siku ya uteuzi. Saa 10 na dakika 5 si saa 10. Fomu hubandikwa hadharani na mapingamizi huanza. Asiyeridhika na uamuzi wa msimamizi wa uchaguzi anakata rufaa Tume.

Mfano wa jirani: Arumeru Mashariki 2019, uchaguzi mdogo. Wagombea wa vyama kadhaa walichukua fomu, ila hawakurudisha, na Dkt. John Pallangyo wa CCM akapita bila kupingwa. Siku hizi sheria ya 2024 imebadilisha hilo, mgombea akibaki peke yake hupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Lakini kwa aliyeenguliwa haimsaidii kitu.

Jambo moja zaidi kabla sijasahau: chama kisiposaini kanuni za maadili ya uchaguzi, hakina mgombea. CHADEMA hawakusaini Aprili 2025, Tume ikatangaza hawatashiriki. Mgombea hata awe na wadhamini 2,500, hilo liko juu ya uwezo wake.

---

Kijana wa Sakina

Naomba kutofautiana kidogo na hali ya hewa ya uzi huu, kana kwamba diwani yuko mbele ya wengine. Hesabu ya Moshi Mjini: kata 21, yeye anajulikana kata 1. Arusha Mjini kata 25. Zaidi ya hapo, katika zile kata nyingine kuna madiwani wenzake wa chama hichohicho, na angalau watatu wanne wanautaka ubunge huohuo. Kila mtaro aliouleta kwake, wao huusoma kama mtaro uliochelewa kwao.

Waangalie waliopita. Ndesamburo aliingia Moshi Mjini 2000 akitokea kwenye biashara, akakaa hadi 2015. Gambo kapita ukuu wa mkoa. Aliyetoka baraza la madiwani ni Jaffary Michael, na hakutoka udiwani mkavu: alikuwa Meya wa Manispaa, ndipo akachukua kiti 2015. Hapo ndipo tofauti ilipo. Meya anaonekana kata zote 21. Anafungua, anapokea wageni, anatajwa redioni. Diwani wa kawaida anaonekana msibani kwake tu.

Kwa hiyo kama ana akili atafute nafasi inayovuka mpaka wa kata: umeya, unaibu meya (huu huchaguliwa kila mwaka, ni mwepesi kidogo kuupata), au uenyekiti wa kamati ya kudumu ya baraza.

---

Mzee wa Vikao

Kijana, hoja yako nakubali nusu. Udiwani haukupi kura za jimbo, lakini unakupa kitu ambacho mfanyabiashara hana: kujua fedha za halmashauri zinavyokwenda. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata ni katibu wake. Anaona miradi inavyoibuliwa mtaani, inavyopanda, inavyokatwa kwenye bajeti. Anakaa kwenye kamati ya fedha anasoma taarifa ya mapato. Anajua ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya mikopo inavyogawanywa, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na anajua vikundi gani ni hewa.

Wabunge wengi wapya hupoteza mwaka mzima wa kwanza kwa kutojua hayo. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani kwa mujibu wa sheria. Akiingia pale hajui kusoma kabrasha, mkurugenzi na wataalamu wake watamzungusha kiistaarabu kabisa. Na Mfuko wa Jimbo yeye ndiye mwenyekiti wa kamati yake, katibu ni afisa mipango wa halmashauri. Hela zinapita akaunti ya halmashauri, si mfukoni kwake. Wananchi hawajui hilo. Wanasema "mbunge kala hela ya jimbo" kumbe fedha haijaletwa, au kinyume chake.

Ila tahadhari: diwani ana kumbukumbu za maandishi. Muhtasari wa baraza unaonyesha alivyopiga kura juu ya ushuru wa soko. Mpinzani makini atautafuta, na pale Moshi ushuru wa soko hausahauliki.

---

Dada wa Njiro

Naona mnazungumza kana kwamba njia ni moja na wagombea wote ni wanaume. Katiba ibara ya 66 inataja milango mingine. Wanawake wa viti maalum hawapungui asilimia 30. Viti hivyo hugawanywa kwa vyama kulingana na kura za ubunge, na chama lazima kipate angalau asilimia 5 ya kura halali zote za wabunge. Orodha hupelekwa na chama, kwa hiyo vita yote iko kwenye jumuiya ya wanawake ngazi ya mkoa, si kwenye jukwaa. Mwanamke diwani wa Moshi anayetaka njia hiyo anahitaji kujulikana Same, Rombo na Mwanga kuliko Majengo. Ni jiografia nyingine kabisa, na nauli yake ni nyingine.

Kasoro yake ni moja kubwa na haisemwi: Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni, ibara ya 51. Uwaziri wa kawaida hauna sharti hilo.

Kuna pia wale wasiozidi 10 wa Rais. James Mbatia aliteuliwa 2012 akiwa mwenyekiti wa chama cha upinzani, kisha 2015 akashinda Vunjo. Anne Kilango alipoteza Same Mashariki 2015 kwa Naghenjwa Kaboyoka, akarudi bungeni kwa uteuzi 2017, akachukua jimbo tena 2020. Kuanguka mara moja si mwisho wa kazi hii, mradi mtu asigombane na kila mtu siku ya matokeo.

---

Majengo_Moshi

Shukrani sana dada, na wazee wangu. Sasa upande wa kupoteza kiti. Nasikia mtu akihama chama tu kimekwisha, lakini wengine wamehama na wapo. Inakuwaje?

---

Sheria_Tupu

Ibara ya 71. Isome yote, si ndefu. Nitataja zile ambazo zimeshawapata watu wa huku kwetu.

Kuacha uanachama wa chama kilichokupeleka. Hapo kiti kinakuwa wazi siku hiyohiyo, hakuna kuhama nacho. Dkt. Godwin Mollel wa Siha aliondoka CHADEMA Desemba 2017, kiti kikawa wazi, akagombea tena kwa CCM Februari 2018 akashinda. Julius Kalanga wa Monduli alifanya hivyohivyo Julai 2018, uchaguzi mdogo ukawa Septemba. Kwa hiyo "wamehama na wapo" maana yake walipoteza kiti kwanza, wakakitafuta upya kwa chama kingine. Na malipo ya kuhama hayafanani: Mollel akawa Naibu Waziri wa Afya Mei 2020, lakini Monduli mwaka huohuo CCM ilimsimamisha Fredrick Lowassa.

Kufukuzwa ni jambo jingine. Chama kikikufukuza, mantiki ya ibara ni ileile, lakini ukienda mahakamani na kupata zuio, unaweza kubaki kitini muda mrefu. Wale wabunge 19 wa viti maalum waliofukuzwa na CHADEMA Novemba 2020 ni ushahidi tosha. Zitto Kabwe mwaka 2015 kesi ilimwendea vibaya akaondoka. Tofauti iko kwenye amri ya mahakama, si kwenye ukali wa maneno ya barua.

Kukosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika. Zingatia: mikutano, si vikao. Kikao ni siku moja. Mkutano ni ule msimu mzima, na kwa kawaida iko minne kwa mwaka: kuanzia Januari, ule mrefu wa bajeti Aprili hadi Juni, wa Agosti au Septemba, na wa Novemba. Joshua Nassari wa Arumeru Mashariki alipoteza kiti kwa kifungu hiki Machi 2019. Utetezi kwamba Spika alitaarifiwa haukumwokoa, kwa sababu Katiba inasema ruhusa. Kutoa taarifa hakutoshi. Mbunge aombe kwa maandishi, asubiri jibu kwa maandishi, ajihifadhie nakala. (Baadaye aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Bunda, siasa zetu ndivyo zilivyo.)

Tamko la mali. Hili wapya hulisahau. Linapelekwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma ndani ya siku 30 baada ya kupata madaraka, kisha kila mwisho wa mwaka, 31 Desemba. Kutolipeleka ni sababu ya kikatiba ya kupoteza ubunge.

Halafu kuna mahakama. Matokeo ya ubunge hupingwa Mahakama Kuu, rufaa Mahakama ya Rufani. Godbless Lema alivuliwa ubunge wa Arusha Mjini na Mahakama Kuu Aprili 2012 kwa maneno yake ya kampeni dhidi ya mpinzani wake, Mahakama ya Rufani ikamrudisha Desemba mwaka huohuo. Wengi wanadhani Rufani ilisema yale maneno ya kampeni yalikuwa sawa. Kilichoamua ni kwamba waliofungua kesi walikuwa wapiga kura ambao haki zao binafsi hazikuonyeshwa kuguswa. Funzo kwa timu ya kampeni ni la kazi: rekodi kila mkutano, sauti na picha, na uandike nani alikuwepo. Kesi ya namna hii husikilizwa miezi kadhaa baadaye, na bila rekodi itakuwa neno lako kwa neno la shahidi wao.

---

Kijana wa Sakina

Na hela ya kampeni je? Maana hapa ndipo TAKUKURU hukaa.

---

Sheria_Tupu

Kwa kifupi. Ile "takrima" (ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura) iliyokuwa imeruhusiwa zamani ilifutwa na Mahakama Kuu 2006, na ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inayodai mgombea aeleze fedha kazipata wapi na kazitumia wapi. Kosa la watu ni kudhani linahusu kampeni za Oktoba tu. Sheria ile inagusa pia mchakato wa ndani ya chama. Kwa hiyo ule "usafiri wa wajumbe" unaotolewa usiku kwenye bahasha kuelekea kura za maoni uko ndani ya sheria hiyohiyo. Awe na mtunza hesabu mmoja, daftari moja, risiti. Michango ya mashati na spika nayo iandikwe thamani yake.

---

Majengo_Moshi

Swali la mwisho wakuu. Aanze lini? Yeye anasema 2029 mwishoni inatosha, akishamaliza uchaguzi wa serikali za mitaa.

---

Mzee wa Vikao

2029 atakuwa amechelewa, kama ni CCM. Chama hicho hufanya uchaguzi wake wa ndani kila miaka 5: 2012, 2017, 2022, unaofuata ni 2027. Viongozi wa shina, tawi, kata na wilaya watakaopatikana 2027 ndio watakaokuwa madarakani 2030, na wajumbe wa kura za maoni hutoka humo. Akisubiri 2029 atawakuta wajumbe wameshapatikana na wana watu wao. Kama chama chake ni kingine, atafute kalenda ya uchaguzi wa ndani wa chama hicho na afanye hesabu hiyohiyo.

Kwa hiyo mwaka 2027 asitafute cheo yeye mwenyewe, awe anajua nani anagombea ukatibu wa tawi Pasua, nani Njoro, nani Kaloleni, na asiwe adui wa yeyote kati yao. Halafu mwaka 2029, kwenye serikali za mitaa, ajihadhari na jambo moja: asimpigie debe mwenyekiti wa mtaa mmoja dhidi ya mwingine wa chama kilekile. Anayeshindwa pale hukumbuka, na mara nyingi yeye mwenyewe au mkewe ni mjumbe.

Uhakiki wa daftari la wapiga kura ukifika mtaani, aende yeye mwenyewe akaangalie jina lake lilivyoandikwa. Wapo wagombea waliokwama hapo.